Akiba, Mwizi na Mkanda Uliopotea: Filamu ya Jinai ya Miaka ya 1930 Ikitazamwa kutoka Miteremko ya Kilimanjaro

Utangulizi

Watu wawili wanapata fedha. Mmoja anazipeleka Posta na kurudi na kijitabu cha akiba. Wa pili haamini ofisi wala karatasi. Anachimba shimo, anazifukia fedha zake na kujihesabu kuwa salama. Anatokea mwizi, anazifukua na kuzichukua. Hicho ndicho kisa cha filamu iliyotengenezwa Tanganyika mwaka 1935, ikapewa jina la Kiingereza Post Office Savings Bank, yaani Benki ya Akiba ya Posta. Kwa jina lake, filamu hiyo ni tangazo la serikali. Kwa kisa chake, ni mojawapo ya tamthilia za mwanzo kabisa za jinai katika sinema ya Afrika Mashariki: ina mali, ina mwenye mali, ina jicho linalovizia na ina tendo la wizi.

Mkanda wa filamu hiyo haumo miongoni mwa ile michache ya mradi wake inayojulikana kubaki. Kwa sababu hiyo hiyo, ni aina ya filamu inayowavuta sana wakusanyaji: ya kale, adimu, iliyoonyeshwa mbali na majumba makubwa ya sinema, na inayojulikana kwa maelezo tu. Mhadhara huu unajadili mambo mawili yanayohusiana. La kwanza ni kwa nini serikali ya kikoloni iliyoziogopa filamu za jinai iliunga mkono mradi uliotengeneza filamu ya mwizi. La pili ni nini kinachotafutwa hasa pale filamu ya namna hiyo inapotafutwa. Mahali palipochaguliwa pa kuyapimia mambo hayo ni mji wa Moshi na miteremko ya Kilimanjaro. Huko, katika miaka ile ile, maelfu ya wakulima wa kahawa walikuwa wakijiuliza swali linalofanana sana na lile la filamu: fedha ya mtu mnyonge iko salama mikononi mwa nani?

Mradi wa Vugiri

Filamu hiyo ilikuwa tunda la mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliofanya kazi kuanzia 1935 hadi 1937. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe, si mbali na reli inayotoka Tanga kuelekea Moshi. Wazo lilitoka katika Baraza la Kimataifa la Wamisionari, na sehemu kubwa ya fedha ilitolewa na shirika la Carnegie la Marekani. Wasimamizi wakuu walikuwa wawili. Meja L. A. Notcutt alikuwa amewahi kusimamia shamba la mkonge Afrika Mashariki, na huko ndiko alikoanza kuwaza kwamba sinema ingeweza kuwatuliza vibarua. G. C. Latham alikuwa amewahi kuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mwaka 1937 wote wawili walichapisha London kitabu cha taarifa ya mradi, The African and the Cinema.

Katika muda huo mfupi zilitengenezwa filamu zipatazo 35. Nyingi zilikuwa za mafunzo: minyoo, mmomonyoko wa udongo, ngozi za mifugo, kodi, na kahawa inayopandwa chini ya kivuli cha migomba. Mada hiyo ya mwisho haikuwa ngeni kwa Mchagga, kwa kuwa kihamba chake kilikuwa na migomba hata kabla mche wa kahawa haujafika mlimani. Waigizaji walikuwa wenyeji wasio na mafunzo ya sanaa, na vijana wa Kiafrika walifundishwa kazi za maabara ya filamu pale pale Vugiri. Gari la maonyesho lilizibeba filamu hizo katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Jambo moja la kiufundi lina uzito mkubwa katika mjadala huu. Mradi ulitumia mkanda mwembamba wa milimita 16, na sauti haikuwa kwenye mkanda wenyewe. Ilirekodiwa kwenye santuri zilizochezwa sambamba na picha. Njia hiyo ilikuwa rahisi kwa gharama, tena ilikuwa na faida katika nchi zenye lugha nyingi: picha zilibaki zile zile, na lugha ilibadilishwa kwa kubadilisha santuri. Hasara yake ni kwamba mkanda ulipokatika na kuungwa tena, picha kadhaa zilipotea, na kuanzia hapo maneno na midomo havikwenda pamoja. Tangu siku ya kwanza, basi, filamu hizo zilikuwa vitu viwili vilivyotegemeana, na kila kimoja kiliweza kupotea peke yake.

Hofu ya filamu za jinai

Ili kuelewa kwa nini mwizi aliingizwa katika filamu ya Posta, haina budi kukumbuka hofu ya wakati ule. Katika miaka ya 1920 filamu za Marekani zilikuwa zimeenea katika himaya yote ya Waingereza, na nyingi zilikuwa za majambazi, bastola na mapenzi. Watawala waliamini kwamba Mwafrika akimwona Mzungu akiiba, akilewa au akitiwa pingu, heshima ya utawala ingeporomoka. Kamati ya Filamu za Makoloni iliyoundwa London ilitoa taarifa yake mwaka 1930, nayo ilihimiza udhibiti wa filamu na matumizi ya sinema kwa elimu. Katika makoloni, bodi za ukaguzi zilikata vipande vya filamu au kuzizuia zisionyeshwe kwa Waafrika. Filamu ya jinai ndiyo iliyotiliwa shaka kuliko zote.

Hata hivyo wahubiri, walimu na maofisa waliotaka kuitumia sinema waligundua upesi kwamba hadhira haikai kimya mbele ya somo tupu. Hadhira hutaka kisa, na kisa hutaka mgongano. Mwizi ndiye aliyeutoa mgongano huo. Kwa hiyo jinai iliyofungiwa mlango wa mbele iliingizwa kwa mlango wa nyuma, lakini kwa sharti moja: mkosaji asiwe Mzungu, na kosa lisitendwe ndani ya ofisi. Katika filamu ya Posta hatari yote inakaa kijijini. Anayefukia fedha ni mjinga, anayeziiba ni jirani, na ofisi ndiyo kimbilio. Methali isemayo akiba haiozi ilipewa maana mpya: haiozi ikiwa tu imewekwa mahali palipoidhinishwa.

Si haki kusema kwamba somo hilo lilikuwa la uongo. Fedha zilizofukiwa ziliibwa kweli. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1921, ilikuwa ya sarafu, na sarafu za senti tano na senti kumi zilikuwa na tundu katikati, zikaweza kutungwa kwenye uzi na kufichwa chini ya jiko au darini. Aliyezijua ficho hizo alikuwa mtu wa karibu. Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini hadithi inayosema ukweli mmoja huweza kuufunika ukweli wa pili, na ukweli huo wa pili ulionekana waziwazi katika miteremko ya Kilimanjaro.

Fedha ya kahawa

Wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema walipanda kahawa Kilimanjaro kabla ya karne ya 19 kwisha. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, nayo ikaufanya mji huo kuwa mwisho wa safari ya treni hadi njia ilipoendelezwa mpaka Arusha mwaka 1929. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Charles Dundas, ofisa wa serikali ya Waingereza, aliwahimiza Wachagga kulima kahawa katika vihamba vyao ingawa walowezi hawakulipenda jambo hilo. Mwaka 1925 wakulima waliunda Chama cha Wakulima Wenyeji wa Kilimanjaro, kilichojulikana kwa herufi zake KNPA, na kiongozi wake aliyejulikana zaidi alikuwa Joseph Merinyo. Chama hicho kilipofikwa na matatizo, serikali ilisimamia kuundwa kwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichoanza kazi mwaka 1933. Meneja wake alikuwa A. L. B. Bennett, Mzungu aliyewahi kuwa ofisa wa serikali.

Utaratibu ulikuwa huu. Mkulima alipeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi cha mtaa wake, ikapimwa, akapewa hati na malipo ya awali. Kahawa ilikusanywa Moshi na kuuzwa, na baadaye mkulima alipata malipo mengine kulingana na bei iliyopatikana. Kwa maneno mengine, mkulima wa Machame, Kibosho au Marangu alifanya vile vile alivyofanya yule mtu mwerevu wa filamu: alikabidhi mali yake ofisini, akarudi nyumbani na karatasi.

Miaka ya 1930 ilikuwa ya mdororo wa uchumi wa dunia, na bei ya kahawa ilianguka. Amri za utawala wa wenyeji zilimlazimisha mkulima kuuza kwa KNCU peke yake, hata alipoona mfanyabiashara mwingine anatoa bei nafuu zaidi. Malipo yalipokuwa madogo kuliko yalivyotarajiwa, manung'uniko yalienea. Wengine walikwenda mahakamani kuipinga amri hiyo. Mwaka 1937, mwaka ule ule mradi wa Vugiri ulipofungwa na kitabu chake kuchapishwa, machafuko yalizuka katika sehemu kadhaa za mlima, na majengo ya vyama vya msingi yakashambuliwa. Serikali ilituliza hali kwa nguvu, ikaihifadhi KNCU, kisha ikafanya marekebisho ili uhusiano wa chama na wakulima uwe bora.

Haifai kuyageuza matukio hayo kuwa kisa cha wizi. Chanzo cha mgogoro kilikuwa bei ya dunia, amri isiyompa mkulima hiari, na ugomvi wa siku nyingi juu ya nani aliye na sauti mlimani: Mangi, meneja au mkulima. Tena KNCU ilikuja kuwa mojawapo ya vyama vya ushirika vyenye nguvu kuliko vyote Afrika, ikachangia elimu ya watoto wa mlimani, na sifa ya Moshi katika ushirika ni sehemu ya sababu Chuo cha Ushirika kuanzishwa hapo mwaka 1963. Linaloonekana ni jambo jembamba zaidi. Filamu ya 1935 ilimfundisha mtazamaji kumwogopa jirani na kuiamini karatasi. Wakulima wa 1937 hawakuwa na ugomvi na jirani. Walikuwa na karatasi mkononi na swali juu ya yule aliyeitoa. Filamu ya Vugiri, ambayo ofisi yake haikuweza kukosea, haikuwa na nafasi ya swali hilo.

Mwizi ahamia mjini

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mkosaji wa filamu za serikali alihama kutoka kijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili. Inayokumbukwa zaidi ni Muhogo Mchungu, yenye masaibu ya mtu wa shamba aingiapo mjini Dar es Salaam. Mhusika mkuu aliigizwa na Rashidi Mfaume Kawawa, kijana wa idara ya ustawi wa jamii aliyezaliwa mwaka 1926, ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Katika filamu hiyo bado mnyonge ni mjinga, na hatari bado inatoka kwa Mwafrika mwenzake; kilichobadilika ni mahali, kwa kuwa utawala sasa ulikuwa na wasiwasi na vijana waliokuwa wakimiminika mijini.

Wakati huo huo wakazi wa miji ya Tanganyika, Moshi ikiwamo, walikuwa wakilipa viingilio vyao wenyewe katika kumbi za sinema zilizomilikiwa zaidi na wafanyabiashara wa asili ya Kihindi. Huko walikutana na mwizi wa namna nyingine. Filamu ya Awaara ya mwaka 1951, iliyoongozwa na kuigizwa na Raj Kapoor, ilipendwa sana Afrika Mashariki. Jaji mmoja anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Mtoto wake mwenyewe analelewa na jambazi, anakua mhalifu, na mwishoni baba na imani yake wanahojiwa mahakamani pamoja na mwana. Filamu hiyo inauliza ni nani aliyemfanya mwizi kuwa mwizi. Si ajabu kwamba hadhira iliyotawaliwa na majaji wa kigeni iliipokea kama hadithi yake. Tofauti kati ya Awaara na filamu ya Posta si ya ufundi na fedha pekee. Moja inamruhusu mtazamaji kumtilia shaka mwenye cheo, nyingine inamkataza.

Kwa nini wakusanyaji huitamani

Nakala za Awaara zinapatikana kila mahali, na mkusanyaji hana haja ya kuisaka. Filamu ya Vugiri ni kinyume chake. Katika filamu za mradi huo, zinazojulikana kubaki katika hifadhi ya British Film Institute ni chache mno: ile ya mafunzo ya utabibu wa mifugo, ile ya minyoo, na ile ya mashamba ya wakulima wa Kingolwira. Zote ni za mafunzo. Kisa cha mwizi, ambacho huenda ndicho kilichokumbukwa zaidi na watazamaji, kimebaki kwenye karatasi.

Tamaa ya wakusanyaji ina mantiki yake. Mwaka 2010 taasisi hiyo hiyo ya Uingereza ilitangaza orodha ya filamu 75 zinazotafutwa kuliko nyingine, miongoni mwake The Mountain Eagle ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1926, ambayo haijaonwa tangu zama za filamu zisizo na sauti. Pale penye pengo, fikra hujaza, na filamu isiyoonekana huwa nzuri kuliko zote. Mikanda ya milimita 16 ina mvuto wa ziada. Haikutengenezwa kwa naitreti iwakayo moto kama mikanda mingi mikubwa ya zamani, bali kwa asetati, hivyo iliwezekana kukaa miaka mingi katika sanduku la nyumbani, shuleni au misioni bila kuteketea. Adui yake ni joto na unyevu, ambavyo huifanya asetati ioze polepole huku ikitoa harufu kama ya siki.

Aidha, historia imewatetea wakusanyaji mara kadhaa. Mwaka 2008, katika jumba la makumbusho la sinema la Buenos Aires, ilitambuliwa nakala ya filamu ya Kijerumani Metropolis ya mwaka 1927, iliyokaribia kuwa kamili, ikiwa na sehemu zilizodhaniwa kupotea kwa miaka 80. Nakala hiyo ilikuwa ya milimita 16, na asili yake ilikuwa mkusanyo wa mtu binafsi. Pasingekuwa na mtu aliyeihifadhi kwa mapenzi yake, wasomi wasingekuwa na cha kusoma.

Hata hivyo mapenzi ya mkusanyaji na haja ya historia havilingani daima. Mkusanyaji hutaka kitu. Historia hutaka kitu pamoja na mahali pake. Mkanda wa mwizi wa Vugiri ukipatikana bila santuri zake utakuwa bubu: midomo itacheza, na lugha iliyowafikia watazamaji haitasikika. Ukipatikana pamoja na santuri, bado utaonyesha upande mmoja wa shauri. Upande wa pili umo katika vitabu vya hesabu vya vyama vya msingi, hati za kupimia kahawa, kumbukumbu za mahakama na barua za malalamiko. Nyaraka za namna hiyo hazina mnunuzi mnadani. Hakuna anayesafiri kutoka ng'ambo kuja kutafuta stakabadhi ya kahawa ya mwaka 1936 iliyokunjwa ndani ya Biblia ya marehemu babu, nayo huliwa na mchwa au huwashiwa moto wakati wa kusafisha nyumba.

Hitimisho

Mnamo tarehe 27 Oktoba 1980 UNESCO ilipitisha pendekezo la kulinda na kuhifadhi picha zinazotembea, likizitambua kuwa sehemu ya urithi wa kila taifa. Kwa Tanzania, urithi huo umetawanyika: filamu za mradi wa Vugiri zinazojulikana kubaki zimehifadhiwa Uingereza, na zilizofadhiliwa na serikali ya Tanganyika zilitengenezwa na kampuni ya Johannesburg. Kudai nakala zake ni haki, na teknolojia ya kidijiti imeifanya kazi hiyo kuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa zamani. Lakini nakala itakayorudi bila maelezo itarudi na fundisho lake la kale, na mtoto wa Kilimanjaro atakayeitazama ataambiwa tena kwamba mjinga ni babu yake na mwizi ni jirani wa babu yake.

Kwa hiyo wajibu wa wasomi wa Kiswahili na wa historia ni wa aina mbili, na haufai kutenganishwa: kuisaka filamu pamoja na wakusanyaji, na kuziokoa karatasi ambazo wakusanyaji hawazitaki. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Mwizi wa filamu ya 1935 amekwisha kupita siku hizo mara nyingi bila kuonekana, na yamkini mkanda wake umo bado katika sanduku fulani. Siku atakapopatikana, itafaa aonyeshwe Moshi, na mezani pawepo hati za kahawa za miaka ile, ili watazamaji wayasome mashauri yote mawili kwa pamoja.